Hatua Sitini za Daktari wa Nje

Chaaaa.

Ndiyo sauti ya kwanza ambayo fundi cherehani anaikumbuka katika nyumba ya ukweni kwake. Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya harusi. Mume alikuwa bafuni, na yeye bibi harusi yu kitandani, anajiuliza kama adabu ni kuamka kabla ya kuitwa au kungoja aitwe. Sauti ikaja kutoka uani, ndefu na kavu, ya kitambaa kinachochanwa na mtu asiye na haraka. Fundi ni fundi hata akiwa bibi harusi. Aliijua kwa masikio tu. Pamba nzito, mpya, haijaonja maji ya kufulia. Akaruka kutoka kitandani, akiwa na hakika kwamba nguo inayochanwa ni mojawapo ya zake.

Haikuwa yake. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, gauni la buluu limemlalia mapajani, lile lile alilovaa harusini juzi, na alikuwa akilichana kipande kwa kipande, kila kipande ukubwa wa kiganja.

"Usiogope, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Buluu hii nimeitafuta tangu mwaka juzi. Kumbe ilikuwa dukani, imejifanya nguo."

Ilimchukua fundi wiki kadhaa kuelewa kwamba nyumba aliyoolewa ilikuwa na mgonjwa wa rangi, na kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuponywa.

Mama mkwe wake alikuwa mtunza bustani wa hospitali. Kutoka getini hadi mlango wa wagonjwa wa nje palikuwa na njia ya saruji, na ubavuni mwa njia hiyo ukanda mmoja wa maua, urefu wake hatua sitini kwa miguu ya mama mkwe, upana wake mtu mzima akilala. Ukanda huo ndio uliokuwa kazi yake, starehe yake na ugomvi wake. Wauguzi walimbandika jina la Daktari wa Nje, kwa utani kwanza, halafu utani ukasahaulika jina likabaki. Hata daktari mkuu, akimkuta ameinama na kijembe chake asubuhi, humwuliza wagonjwa wake wameamkaje, naye hujibu kwamba wote wamelala vizuri, isipokuwa dalia mmoja mwenye kiburi.

Kabla ya kupanda chochote alipanga. Na hakupanga kwenye karatasi, kwa sababu, alisema, karatasi haina jua. Alipanga kwa vitambaa. Alikuja na furushi lake kwenye udongo mtupu uliokwisha kulimwa, akatandaza vipande vile kimoja kimoja, kila kimoja mahali pa ua litakalokuja, na juu ya kila kimoja akaweka kijiwe kisipeperuke. Wapita njia waligeuza vichwa. Mtu mgeni angedhani mama huyu ameanika viraka vya dunia nzima. Kisha aliviacha hapo siku nzima, akavitazama mara tatu: asubuhi, adhuhuri, na jua linapoanza kulegea.

Fundi, aliyedhani anajua rangi kwa sababu alijua nyuzi, alipata shule upya. Nyekundu ya asubuhi, aliambiwa, jioni hugeuka nyeusi. Usiiweke mahali mtu atakapokaa jioni na huzuni. Manjano mchana hupiga kelele, ipe nafasi. Waridi na rangi ya chungwa usiziweke bega kwa bega, ni kama mawifi wawili kwenye jiko moja, kila mmoja mpishi hodari na chakula kinaungua. Damu ya mzee inapenda kukaa nyuma ya wengine, kama mtu mrefu kwenye picha. Na nyeupe si ya kujazia pengo. Nyeupe ni pale jicho linapovuta pumzi.

Mpango mkubwa wenyewe ulikuwa mmoja, na haukubadilika kwa miaka ishirini. Getini zilikaa rangi za moto, nyekundu na rangi ya chungwa. Zilifuatwa na manjano, kisha manjano iliyofifia, kisha waridi jepesi, kisha nyeupe, na mwisho kabisa, chini ya madirisha ya mlangoni ambako watu hukaa kwenye mabenchi kungoja zamu, zambarau na buluu. Mtu akiingia hospitali, alieleza, anaingia na joto la hofu. Huwezi kumwambia atulie. Lakini unaweza kumpoza kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, bila yeye kujua. Na akitoka, akiwa na dawa mkononi, anaupita ukanda ule ule kutoka mwisho, anatoka kwenye ubaridi kwenda kwenye uchangamfu, hadi anafika barabarani amekwisha kuwa mtu wa barabarani.

Mambo haya hakuyasoma popote. Aliajiriwa pale akiwa mjane wa miaka ishirini na tisa, mfagizi wa varanda, enzi ambazo mbele ya hospitali palikuwa na vumbi na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Aliona watu wakikaa kwenye mabenchi wakiyatazama yale mawe. Siku moja akaleta ua moja kutoka nyumbani, limeota kwenye kopo la maziwa, akaliweka katikati ya mawe mawili, akaendelea na ufagio wake. Muuguzi mkuu alipouliza kwa sauti ni nani aliyeweka kopo pale, yeye aliitika akiwa amekwisha kuvua aproni, tayari kufukuzwa. Muuguzi mkuu akamwuliza kwa nini ameleta moja tu.

Miaka mitatu baadaye alipewa jembe na ufagio ukaenda kwa mwingine. Mwaka ule aliopewa jembe, alitumia siku yake moja ya mapumziko kukaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi, ili aone mgonjwa anaona nini akiwa ameketi. Karani alimwita mara mbili aingie akapimwe. Mara ya tatu alimwambia, "Mwanangu, mimi naumwa maua tu, niache." Na alipoinuka alikuwa amejua kwamba yote aliyopanda mbele kwa urefu wa kiuno yanaziba yote aliyopanda nyuma, kwa kuwa mgonjwa hasimami.

Fundi alikuwa akisimulia kisa hiki kwa wateja wake huku akiwapima mikono. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele, chini ya dirisha, na wateja wake wengi walikuwa majirani. Lakini pia alikuwa na kazi ya kudumu ya kushona shuka zilizochanika za hospitali, aliyoipata kwa heshima ya mama mkwe. Kila Ijumaa alipeleka furushi la zilizoshonwa na kurudi na furushi la zilizochanika. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki yupo wiki hayupo. Kwa hiyo nyumba ile, siku nyingi, ilikuwa ya wanawake wawili na vitambaa vyao, na walipatana vizuri kuliko watu walivyotarajia. Jirani mmoja alimwambia fundi kwamba ukweni kwake kumepoa mno, hakuna hata cha kusengenya.

Kila jioni mama mkwe aliokota mabaki chini ya cherehani, akayagawa katika mafungu kwa rangi, juu ya meza ya kukatia. Mwaka uliopita ndipo fundi alipoona kitu. Kipande cha kahawia kimelala kwenye fungu la zambarau. Akadhani kimeteleza. Mama mkwe alipokwenda jikoni, akakirudisha mahali pake.

Wiki iliyofuata vilikuwa vitatu. Kisha mama mkwe akaanza kulalamika kwamba sabuni za siku hizi haziondoi umanjano kwenye nguo nyeupe. Kisha akapongeza kitambaa cheusi akisema zambarau iliyokolea namna hiyo ni adimu. Fundi angesemaje? Huyu ndiye aliyemfundisha tofauti ya nyeupe ya maziwa na nyeupe ya chumvi. Mkamwana hamwambii mama mkwe wake kwamba macho yake yanamdanganya. Hata midomo inakataa. Kwa hiyo kila jioni, mama mkwe akiisha kugawa na kwenda kuoga, fundi aliyapitia mafungu upesi upesi na kuyasahihisha. Asubuhi mama mkwe aliyachukua mafungu yake, yamenyooka, akaenda kazini. Mwaka mzima. Fundi aliliona hilo kuwa ni adabu, na usiku alilala vizuri.

Lakini vitambaa vilikuwa nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ilikuwa miche, na miche haikupita kwenye meza ya fundi.

Salvia, lile ua lenye mashuke yaliyosimama wima, ndilo lililojaza sehemu yote ya mwisho ya ukanda, la zambarau na jeupe. Mama mkwe alikusanya mbegu zake mwenyewe, na mbegu hizo zina siri moja: nyuki hajui mpaka, na mbegu ya ua la zambarau inaweza kumzaa mweupe. Kwa hiyo alizisia zote pamoja kwenye trei, akangoja miche itoe majani manne. Hapo ndipo alipowatenganisha, na alama aliyoitumia ni moja. Aliutazama mche pale unapotoka udongoni, mahali alipopaita kifundo cha mguu. Kifundo kikiwa na wekundu kidogo kama wa mtu aliyejikuna, huyo atakuwa zambarau. Kikiwa kijani kitupu, huyo ni mweupe. Mimea mia tatu na ushei aliimaliza asubuhi moja, kushoto, kulia, kushoto, bila kibao wala maandishi.

Mwenzake wa kazi, mwanamume wa makamo aliyeitwa Mpira kwa sababu hakuonekana bila mpira wa kumwagilia begani, aliwahi kumshauri waandike kwenye vijiti. Mama mkwe alimwuliza kama yeye wanawe huwatambua kwa vijiti. Mpira akajibu kwamba wanawe wanaongea. Wakacheka, na vijiti havikuandikwa.

Ijumaa moja fundi alifika na furushi lake akaona watu wamesimama penye mabenchi. Salvia zilikuwa zimefunguka wiki ile. Sehemu iliyopaswa kuwa nyeupe, ile ya kuvuta pumzi, ilikuwa na mabaka ya zambarau kama nguo iliyomwagikiwa. Na chini ya madirisha, kwenye zambarau ya kupoza watu, weupe ulikuwa umetapakaa huku na huko bila mpango, mmoja hapa, saba pale. Si kwamba palikuwa pabaya. Mtu mwingine angepita akasema maua mazuri. Lakini kila aliyefanya kazi pale alijua mkono wa Daktari wa Nje, na huu haukuwa mkono wake.

Msimamizi wa mazingira alikuwa mbele yao na daftari lake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kazi iende sawa, na suruali zake zilikuwa na mikunjo ambayo fundi aliiheshimu kitaaluma. Aliuliza ni nani aliyebeba trei kutoka kitaluni siku ya kupanda. Mpira akasema ni yeye. Msimamizi akauliza kama inawezekana alizichanganya. Mpira akautazama mpira wake, kisha akamtazama mama mkwe, kwa muda mfupi sana, na fundi aliyekuwa karibu akaona kwamba mtu huyu anajua.

"Inawezekana," Mpira alisema.

Msimamizi akasema hilo haliwezi kupita hivi hivi. Jumatatu angeandika barua ya onyo, na Mpira angehamishiwa nyuma, kwenye tanuri la kuchomea taka. Kwa mama mkwe alizungumza kwa upole: kama kuna kinachoweza kurekebishwa, ana Jumamosi na Jumapili. Mama mkwe alikuwa amesimama na kijembe mkononi, midomo ikimtembea kama mtu anayehesabu. Msimamizi alipoondoka, Mpira alilitupia bega lake mpira na kupita karibu naye. "Lawama haina uzito, Daktari," alisema. "Mpira huu ukijaa maji ndio mzito."

Nyumbani mama mkwe hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, akaketi mbele ya mafungu ya vitambaa yaliyonyooka, akayatazama kwa karibu, kisha kwa mbali, kisha kwa karibu tena.

"Haya yamekaa sawa?" aliuliza.

Fundi akasema yamekaa sawa.

"Basi mbona kule nimekosea?"

Ndipo fundi alipokaa chini, sakafuni, kama mtoto, na kusema yote. Kwamba ni yeye aliyekuwa akiyanyoosha. Kila jioni, tangu mwaka jana. Kwamba alidhani anamsitiri. Alisema huku anaung'ang'ania upindo wa gauni lake, na kila neno lilimtoka kama sindano iliyovunjikia ndani ya kitambaa.

Mama mkwe alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuingiwa na shaka. Aliona weupe wote umekuwa rangi ya chai. Lakini kila akiamka na kukuta mafungu yake yamenyooka, alijiambia kwamba yu mzima, ni taa tu hizi za siku hizi.

"Kwa hiyo mwaka mzima umenidanganya kwa adabu," alisema hatimaye, na kwa mshangao wa fundi, alikuwa anatabasamu kidogo. "Lete nyuzi."

Fundi akaleta vibonge viwili vya uzi. Mama mkwe akasema hiki ni cheusi, hiki ni zambarau. Vilikuwa buluu na kahawia. Akaomba vingine. Wakaendelea hivyo mpaka droo ikaisha, mwalimu akifeli mtihani wake mwenyewe, swali kwa swali, bila kuomba kuonewa huruma. Nyekundu iliyokolea aliijua bado. Manjano aliijua. Zile za baridi zote, zile za mlangoni, zilikuwa zimemtoroka.

Fundi akamkumbusha kwamba chumba cha macho kiko pale pale hospitalini, kwamba maua ya dirisha lake anayamwagilia kila siku kwa mkono wake. Mama mkwe akasema ndiyo sababu hajaingia. Akiingia atatoka na karatasi, na karatasi hiyo itafika kwa msimamizi kabla yake. Mtu asiyeona rangi hawezi kupewa ukanda. Atarudishiwa ufagio. Imebaki miaka minne astaafu, na miaka minne ya kufagia varanda huku mwingine akipanda mbele yake, hiyo alisema hana kifua nayo.

"Na Mpira?" fundi aliuliza.

Mama mkwe aliinuka akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumamosi walifika hospitali kabla jua halijapata nguvu. Mpira alikuwa amewatangulia, siku yake ya mapumziko, na ukanda wote wa mwisho ulikuwa umelowa hadi chini. Hakuna aliyemwomba. Kuhamisha ua likiwa limechanua ni jambo ambalo watunza bustani hulikwepa. Ni kama kumhamisha mama nyumba siku ya kujifungua. Unalitoa na udongo wake wote, umelikumbatia chini, huliachi lipigwe na jua, na ukitikisika tu shuke linainama na halisimami tena. Fundi alileta shuka kuukuu za hospitali zisizoshoneka. Walizichana vipande, kila mmea ukafungwa miguu kama mtoto mchanga.

Mpira alipomwona fundi amepiga magoti tope hadi viwikoni alimwambia mama mkwe, "Leo Daktari una muuguzi."

"Muuguzi gani huyu," mama mkwe alijibu. "Angalia anavyomshika mgonjwa, kama anapima kiuno."

Fundi ndiye aliyekuwa macho ya mama mkwe. Alitembea mbele, akainama kwa kila shuke, akasema kwa sauti ya chini: zambarau, zambarau, nyeupe, zambarau. Mama mkwe alimfuata na vijiwe vyake, akiweka kijiwe penye kila nyeupe. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha wakafika kwenye maua ambayo hayakuwa hiki wala kile, watoto wa nyuki, na fundi akakwama. Zambarau nyepesi, alisema. Nyepesi vipi? Nyepesi tu. Mama mkwe akasimama akamwambia hiyo si rangi, ni uvivu. Fundi akafikiri. Akasema ni kama bitana ya lile koti la karani, upande wa ndani, kwapani, ambako jua halijafika. Mama mkwe akafumba macho.

"Sasa ninaliona," alisema.

Tangu hapo walizungumza kwa nguo. Hii ni ule utepe wa kanzu ya bwana wa duka la dawa. Hii ni shati la mume wangu baada ya mwaka mmoja. Hii ni gauni lako la buluu, Mama, lile ulilolichana, lakini limelowa. Kila nguo aliyotaja, mama mkwe aliijua, alikwisha kuigusa chini ya cherehani. Na kwa kila moja alionyesha kidole mahali pa kuipeleka, bila kusita, kama mtu anayepanga vyombo katika kabati lake mwenyewe gizani. Fundi aliutazama mkono ule ukielekeza. Macho yalikuwa yameondoka, lakini yote yaliyowahi kuonwa na macho hayo yalikuwa bado yamo ndani, yamekunjwa, yamepangwa.

Adhuhuri fundi alidhani kazi ni kurudisha kila rangi kwao, nyeupe kule, zambarau huku, mpaka katikati. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, amenyoosha miguu, anauliza maswali. Nyeupe ziko ngapi kwa jumla? Zambarau je? Za katikati? Alipopata majibu alisema hawarudishi. Mpaka ule wa zamani, wa kukata nyeupe hapa na kuanza zambarau hapa, aliupenda kwa sababu alikuwa na uhakika. Sasa wapange upya. Nyeupe ianze nyingi, kisha ipungue kidogo kidogo ikiingia kwenye zambarau, hizi za katikati zikishika mikono ya pande zote mbili, hadi penye benchi la mwisho ibaki nyeupe moja tu, chini ya dirisha.

"Mtu akikaa pale," alisema, "aitafute. Akiwa anaitafuta hataogopa."

Walimaliza Jumapili mchana. Fundi alikuwa na malengelenge mikono yote miwili, na magoti yalimuuma kwa siku tatu. Mpira alimwagilia kwa mara ya mwisho akiwa ameziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, ili maji yaanguke kama mvua na si kama kipigo. Kisha akauviringisha mpira taratibu kuliko kawaida, akaupangusa kwa kitambaa, na kuutundika ukutani vizuri, kama mtu anayeacha kitu kwa mtu mwingine. Mama mkwe aliona hilo. Lile aliliona waziwazi.

Jumatatu asubuhi fundi alikuja kuchukua furushi ambalo Ijumaa hakulichukua. Hakuna aliyekuwa amesimama kuutazama ukanda, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Watu walipita, wakapunguza mwendo, wakakaa. Kwenye benchi la mwisho mwanamume mwenye bandeji kichwani alikuwa ameinama mbele, macho yake yakitembea juu ya mashuke ya zambarau, huku na huku. Kisha yakatua mahali, na mabega yake yakashuka.

Msimamizi alikuja na bahasha. Alitembea ukanda wote kutoka getini, daftari kwapani, na alipofika mwisho alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Alisema amefanya kazi hapo miaka sita na hajaona kitu kama hiki. Alisema daktari mkuu amepita akiuliza ni nani aliyekibuni. Akacheka, akamgeukia Mpira na kumwambia maua yamekwisha kumsamehe, bahati mbaya barua imekwisha kuchapwa. Na kanuni ni kanuni: tanuri la taka, kuanzia leo. Mpira akaitika kwa kichwa.

Kisha msimamizi akaikunjua barua juu ya daftari, akatoa kalamu, akamkabidhi mama mkwe. Ilihitaji saini yake, kama mkuu wa bustani, kwamba kosa limetendeka kama lilivyoandikwa.

Mama mkwe akaipokea kalamu. Fundi, hatua mbili nyuma yake, furushi la shuka kichwani, alimwona akiileta karatasi karibu, akiipeleka mbali. Alimwona akiutazama ukanda kutoka getini, nyekundu aliyoijua, manjano aliyoijua, hadi huku mwisho ambako kwake palikuwa moshi mtupu. Wauguzi wawili walikuwa wakipita wakamsalimu, "Daktari wa Nje, umetuweza leo." Aliirudisha kalamu katika mkono wa msimamizi, akavifunga vidole vyake juu yake kwa upole, kama anavyofunga udongo juu ya mche, na akasema kwa sauti ndogo kiasi kwamba msimamizi alilazimika kuinama:

"Mwanangu, andika jina langu. Miche niliichagua mimi, na zambarau siioni tena."